Kosea Nyumbani, Mdogo Wangu

Njoo hapa mdogo wangu, keti tuzungumze. Najua umenunua kamera. Mwingine kainunua kwa mshahara wa kwanza, mwingine katumiwa na kaka yake aliyeko Muscat, mwingine zamu yake ya upatu imefika, akaacha kununua kabati na kuingia Kariakoo, akarudi na boksi. Sina ugomvi na hilo, fedha ni zako. Ugomvi wangu ni kwamba boksi limefunguliwa Alhamisi usiku, na Ijumaa asubuhi uko kwenye boti ya kwenda Unguja, kamera shingoni, kitabu cha maelekezo umekiacha mezani ndani ya nailoni yake.

Halafu Jumapili unarudi. Sura za marafiki zako zimekuwa giza tupu, huku bahari nyuma yao ikimeremeta. Wachuuzi wa Forodhani wametoka na mikono minne minne. Jahazi limelala upande. Unazipitisha picha moja moja kitandani, moyo unazama, na kabla usingizi haujakuchukua umeshatoa hukumu: ama kamera ni mbovu, ama wewe huna kipaji. Hebu acha. Si kweli hata kidogo, na wala si wewe peke yako. Karibu kila aliyeshika kamera amelala na huzuni hiyo. Ulichokosa ni mazoezi, na mazoezi yana mahali pake. Kosea nyumbani, mdogo wangu. Leo nitalisema hili mpaka unichoke.

Safarini ni mahali pagumu mno pa kujifunzia. Wenzako wanakuita, dereva anapiga honi, jasho linaingia machoni, na unachotaka kukipiga hakikusubiri. Jua letu huku karibu na ikweta nalo halina subira: likishazama, giza halikawii. Wewe bado unatafuta kitufe, na ile rangi ya machungwa uliyosafiria imeshakwenda zake. Nyumbani hakuna kinachokimbia. Dirisha litakuwepo kesho, bibi atakuwepo kesho, na ukiharibu picha hakuna nauli iliyopotea. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hapo ndipo nataka uanzie, kwenu, kwa watu wanaokupenda hata ukiwakata kichwa kwenye picha.

Anza na dirisha. Asubuhi, jua likiwa halijawa kali, mwombe mama akae karibu na dirisha au mlangoni anapochambua mchele. Zima taa ya dari, maana mwanga wake wa njano ukichanganyika na wa nje sura hutoka na rangi mbili zisizopatana. Sasa usibonyeze chochote kwanza, tazama tu. Utaona shavu moja lina mwanga na jingine linaingia kivulini taratibu. Utaona pia jambo ambalo wengi hulipita: ule mchele mweupe kwenye ungo unarudisha mwanga juu, chini ya kidevu na ndani ya macho yake, na mikunjo ya usoni inalainika. Mwambie auweke ungo pembeni, na uso unakuwa mzito palepale. Ukishaliona hilo kwa macho yako, hutahitaji mtu akufundishe kazi ya kitambaa cheupe. Shuka nyeupe iliyoning'inizwa upande wa kivuli inafanya kazi ileile bila senti moja. Msogeze mama hatua moja ndani, kisha hatua mbili, upige kila mara. Jioni zilinganishe. Utakuwa umejifunza mwanga kuliko aliyezunguka mbuga nzima kwa haraka.

Siku nyingine ambayo jua ni kali na watoto wako nyumbani, fanyeni chumba cha giza. Ziba madirisha yote kwa maboksi na kanga nene mpaka usione kiganja chako, kisha kwenye boksi moja toboa tundu la kama sentimita 1. Tandika shuka nyeupe ukutani mbele ya tundu, kaeni dakika chache macho yazoee. Mtaa wenu utaingia ndani! Mwembe wa jirani, nguo kwenye kamba, mtu anayepita na ndoo, vyote vinatembea ukutani miguu juu kichwa chini. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo wa juu hushuka chini na wa chini hupanda juu ukipita kwenye tundu. Mwanazuoni Ibn al-Haytham wa Basra aliliandika jambo hili miaka 1,000 hivi iliyopita; alipanga taa kadhaa mbele ya tundu akaona kila taa inapeleka doa lake ukutani bila kuchanganyika na nyingine. Kamera yako ya bei mbaya ni hicho hicho chumba, kimepunguzwa.

Na hapo hapo chezea tundu. Lipanue, picha ukutani inang'aa zaidi lakini kingo zinafifia. Lipunguze, inakuwa na giza lakini inachongeka. Basi kwenye lenzi ile namba ya f ndiyo hadithi yenyewe. Namba ndogo, tuseme f/2, tundu ni kubwa: mwanga mwingi unaingia, na kilicho mbali au karibu na pale ulipofokasi kinayeyuka. Namba kubwa, f/11, tundu ni dogo: mwanga mchache, lakini kuanzia mguu wa ngazi mpaka kilima cha mbali vinaonekana vizuri. Nawajua wanaokariri hizi namba kama dua na bado zinawachanganya, kwa sababu hawajaliona tundu. Wewe umeliona.

Halafu kuna kasi ya shata, na mwalimu wake mzuri ni pangaboi la sebuleni. Liwashe, weka 1/1000 ya sekunde, piga. Mapanga yamesimama, unaweza kuyahesabu. Shuka hadi 1/30, piga. Mapanga yamekuwa duara la ukungu. Nenda bombani, fanya hivyo hivyo na maji: kwa kasi kubwa kila tone liko peke yake hewani, kwa kasi ndogo maji yanakuwa utepe laini. Picha zote mbili ni sahihi, mdogo wangu, ila zinasema mambo mawili tofauti, na mwenye kuchagua ni wewe. Kamera haijui unachokipenda. Usipoiambia, itajichagulia.

Mkono nao una mipaka. Ukiwa na lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/50 bila kuegemea kitu. Lenzi ya milimita 200, usishuke chini ya 1/200. Si sheria ya kukamatwa nayo, ila itakuokoa na mikono minne ya Forodhani. Bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, toa pumzi taratibu, ndipo ubonyeze. Na umeme ukikatika, kama tunavyojua unavyokatika, usinune. Washa mshumaa mmoja, panda na ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kuupokea mwanga, kidogo kidogo, 400, 800, 1600, 3200, uone ni wapi chenga zinaanza kukukera. Kila kamera ina mahali pake, na ya kwako hutaambiwa na mtu, utaijua wewe.

Ninalokukanya hapa ni pupa. Usibadilishe vyote vitatu kwa siku moja. Anayejifunza pilau akabadilisha mchele, moto na maji kwa mkupuo, likitoka bokoboko hajui amlaumu nani. Leo tundu tu, kesho shata tu, keshokutwa ISO. Ukichanganya, unarudi kwenye kubahatisha, na kubahatisha ndiko kulikokuliza Jumapili ile.

Sasa sogea karibu, maana hili linaniuma. Wapo wadogo zangu, wasichana kwa wavulana, wanaoamini hawatoki vizuri kwenye picha kwa sababu ni weusi. Wanajificha nyuma ya wenzao, au wanapiga kisha wanaingia kwenye programu ya simu wanajichubua mpaka mama mzazi angewapita njiani. Sikiliza vizuri. Kosa halikuwa ngozini mwako, siku zote lilikuwa kwenye vipimo. Kwa miaka mingi Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani ya ngozi zote. Mashine zikipangwa zimpendeze yeye, bibi yako wa Tanga angetokaje vizuri?

Kamera za leo ni bora zaidi, lakini tabia moja bado ipo na lazima uijue. Mara nyingi kamera haijali kama imeelekezwa kwa mtu au kwa ukuta. Inapima mwanga wote uliomo na kujaribu kuufanya wa katikati, kijivu. Jaribu na bibi. Mkalishe mbele ya ukuta mweupe wa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza, na uso wa bibi unazama. Sasa akivaa buibui jeusi akakaa mbele ya mlango wa mninga, kamera inaona giza jingi, inaongeza, na uso unapauka. Dawa iko kwenye kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye ukuta mweupe ongeza 1, kwenye buibui punguza kiasi. Kwenye simu, gusa uso wake kiooni, kisha panda au shuka kwa kidole. Na mweke ubavuni mwa mwanga, usimmulike usoni kwa flashi. Ngozi yetu hupokea mwanga unaotoka upande, unateleza juu ya paji na shavu ukionyesha kila umbo. Pakeni mafuta kidogo, kaeni dirishani, mpigane picha. Ukijiona ulivyo, ukajipenda, hutatafuta tena cha kujichubua nacho. Nakusihi kwa hili kuliko yote mengine.

Basi tuseme umefanya hayo yote, mkono umezoea, kitufe kinapatikana bila kukitazama. Sasa nenda safari, na baraka zangu zote.

Ukifika Unguja usilale mpaka saa 4 halafu ukalalamika kwamba picha zina vivuli vikali. Jua la saa 6 mchana liko utosini, linachimba mashimo machoni mwa watu. Saa hizo ingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kuta zake ndefu zinazuia jua na mwanga unashuka umelainika. Milango ya nakshi piga kwa f/8 ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, usiinamishe kamera. Asubuhi na alasiri ndizo za pwani. Na ukienda Paje au Jambiani, usiulize hali ya hewa tu, waulize wenyeji maji yanakupwa saa ngapi. Kipindi cha bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, bahari hujitenga mbali mno, mchanga unabaki na madimbwi yanayoshika mbingu, ngalawa zimekaa kavu. Ukienda kwa kubahatisha utakuta maji yamejaa na ulichosafiria kiko chini yake.

Forodhani jioni usikimbie jua linapozama tu. Baki. Dakika chache baadaye mbingu inakuwa ya bluu nzito na taa za wauza mishikaki na urojo zinawaka, na kwa muda mfupi vitu hivyo viwili vinalingana nguvu. Weka kamera juu ya ukuta wa bahari au stendi ya miguu mitatu, weka saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise, acha shata wazi kwa sekunde 2 au 3. Taa zitatulia, moshi utajivuta, wapita njia watayeyuka. Ulilifanya hili kwenye pangaboi, unakumbuka? Ndiyo maana nilikutesa nalo.

Ukipanda milimani, Lushoto kwa mfano, ukapata usiku usio na mwezi, elekeza lenzi pana juu, fungua tundu lote, ISO 3200, sekunde 15 hadi 20. Ukizidisha sana nyota zinaanza kuchora vistari, kwa sababu dunia yenyewe inazunguka. Na ndani ya basi, usipige ukiwa umeegemea nyuma kitini, utapiga uso wako mwenyewe kwenye kioo. Ubandike mdomo wa lenzi karibu kabisa na kioo, ufunike pembeni kwa mtandio mweusi, weka 1/1000, na lenga vya mbali. Vya karibu na barabara vitakupita tu.

Kamera yenyewe itunze. Pwani yetu ina chumvi na unyevu, maadui wawili wasiopiga kelele. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia ghafla kwenye joto la nje, lenzi inapata jasho. Iache ndani ya mkoba ulioufunga kwa nusu saa hivi izoee, usiikwangue kwa kanga. Usibadilishe lenzi upepo wa mchanga ukivuma. Usiku ifute chumvi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Na nyumbani usiifungie kabatini miezi mitatu, kuvu huota ndani ya vioo na kuitoa ni kazi ya fundi na fedha. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye mkoba. Picha nazo, kila usiku ziwe na nakala mahali pa pili. Kadi ikiharibika, machozi hayarudishi harusi ya dada.

Sasa niongee kwa ukali kidogo. Mdogo wangu, mtu si mandhari. Wale akina mama wa mwani pale Paje wameinama ndani ya maji chumvi wakitafuta riziki, na wageni wanawapiga picha mgongoni kila siku. Wewe unajua Kiswahili, huna kisingizio cha mgeni. Toa salamu kwanza, uliza habari za kazi, mwani wa msimu huu umekuaje. Kisha omba. Akikataa, sema asante na uiteremshe kamera, usijifanye unapiga bahari huku unamlenga yeye. Akikubali, muulize namba, na picha umtumie kweli, kwa sababu ahadi ni deni, na deni la picha wengi wetu tunakufa nalo. Nakuambia pia, picha ya aliyekubali haifanani na ya aliyeibiwa. Macho yanasema.

Watoto ndio kabisa. Muulize mzazi au mwalimu, na hata akikubali, fikiri mara mbili kabla ya kuweka mtandaoni. Usidhani ni adabu tu, ni sheria pia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 shule moja huko ilitozwa faini ya mamilioni ya shilingi kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, majengo ya ulinzi, usiyaelekezee lenzi hata kwa utani. Ndege nyuki usiirushe bila kibali. Msikitini na kanisani uliza aliyepo. Sikutishi, nakukinga. Aibu ya kunyang'anywa kamera mbele za watu haitoki mapema, na safari nzima inabaki na ladha hiyo.

Na ukiwa barabarani unajaribu ile picha ya kumfuata bodaboda kwa lenzi, 1/30, unageuka naye kiuno chote ili yeye abaki wazi na maduka nyuma yavutike, simama mbali na lami, mgongo ukutani, mkanda umeuzungusha mkononi. Wapo wapita njia wenye pikipiki ambao nao wanaitazama kamera yako. Afadhali uende na mwenzako mmoja akuangalizie.

Baada ya hayo najua moyo utakuja na wasiwasi mwingine. Utafungua simu, utaona picha za mtu mwenye lenzi ndefu ya bei ya kiwanja, na utaanza kujiona mdogo. Utataka kukopa. Hapo nakushika mkono: usiache mbachao kwa msala upitao. Deni la lenzi linakula mpaka raha ya kupiga, kila picha unaipimia marejesho. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alitandika shuka lake la kitandani likawa pazia la nyuma, akapigia watu uani kwa mwanga wa jua, na mara nyingi picha moja tu kwa kila mteja kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Shuka hilo na pindo zake leo linaonekana katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Samuel Fosso naye alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Jioni wateja wakishaondoka, filamu ikiwa na nafasi zilizobaki, alijipiga mwenyewe, akivaa hivi na vile, akichezea mwanga na mapazia, picha nyingine akimtumia bibi yake Nigeria. Majaribio hayo ya baada ya kazi ndiyo yaliyompa jina. Hawakusubiri vifaa. Walikuwa na ua, shuka na subira.

Wewe una simu au kamera inayoweza zaidi ya walichokuwa nacho wote wawili. Simu haina shida, mdogo wangu. Dirisha halijui kama unapiga kwa simu. Siku kamera itakapokuzuia kweli kufanya jambo unalolijua kwa jina, mathalani unataka ndege aliye juu ya mti na lenzi yako haifiki, hapo utakuwa unajua unanunua nini, na utaweka akiba bila kuumia. Kabla ya hapo unanunua matumaini tu, na matumaini hayauzwi dukani.

Na ukikosea, usifute kila kitu kwa hasira. Nawajua mnaofuta. Picha iliyoharibika ndiyo inayokuonyesha pa kurekebisha: namba zote zimeandikwa ndani yake, tundu lilikuwa ngapi, shata ngapi, ISO ngapi. Ifungue, isome, kisha rudia kesho saa ileile mahali palepale. Kupotea njia ndiko kujua njia, ila potelea karibu na kwenu, pale unapoweza kurudi kula chakula cha mchana. Wala usiwaombe wanaokupenda wakusifu. Waulize jicho lao limeenda wapi kwanza wanapoitazama. Wakisema limeenda kwenye ndoo nyekundu iliyoko pembeni wakati wewe ulikuwa unampiga mjomba, basi ndoo iondoke au mjomba ahame.

La mwisho, na hili nalo usilipuuze. Chapisha picha zako. Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapo Mji Mkongwe mwaka 1930, na kwa sababu kazi zake zilichapishwa kwenye karatasi, watu wa leo wanaweza kuwaona mabibi na mababu zao wakiwa vijana, nguo walizovaa, mitaa waliyopita. Wewe una maelfu ya picha kwenye simu itakayodondoka chooni. Chagua chache kila mwezi, peleka kwenye maabara ya mtaani, geuza nyuma uandike jina, mahali na tarehe. Moja mpe mama, moja mtumie yule mama wa mwani uliyemwahidi, moja ibaki kwenye albamu ya nyumbani. Halafu wiki hii, kabla hujakata tiketi ya kwenda popote, fungua kile kitabu cha maelekezo, mwite bibi akae karibu na dirisha, uanze na tundu peke yake.